Kitabu Alichokivuta Mjomba

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Itangazwe kwa wakazi wote wa Karurumo, kwa marafiki walioko Meru, na kwa yeyote aliye ng'ambo na ana bando, kwamba jogoo wa jirani yangu Bundi amehamia kwangu rasmi. Hakuleta barua ya uhamisho. Alifika jana, akakagua banda, akaridhika, na leo alfajiri akawika kama mwenye hati ya shamba. Bundi amekuja kumchukua mara mbili. Mara ya pili jogoo alimfukuza.

Hiyo ndiyo habari kubwa. Habari ndogo ni kwamba hadithi yangu imekubaliwa.

Samsam, binti ya rafiki yangu Mohamednoor wa Makutano, anahariri kitabu cha hadithi za watu wa Meru na Embu. Ujumbe wake (huniita adeer, yaani ami kwa Kisomali chao) ulinikuta dukani kwangu: "Adeer Gedion, tumeichukua. Ila ule mwisho tutaongea. Tunafunga katikati ya Desemba." Nilicheza nyuma ya kaunta. Mteja aliyekuja kununua dawa ya kupe akaniuliza kama nimevuta bangi.

Hadithi ni ya mama yangu, Igoki. Alipokuwa msichana pale shule ya misheni alishinda zawadi ya kitabu, cha kwanza kuingia katika nyumba yao. Akafika katikati. Kaka yake mkubwa, Mutegi, akawa anachana kurasa za mwisho na kusokotea tumbaku, moja baada ya nyingine, akielekea mbele. Mwaka huo huo mama akatolewa shule ili Mutegi aendelee. Hayo yote nimeyaandika. Halafu nikaandika mwisho: bibi mzee yuko kitandani, anamwita kaka yake, anamsamehe, wanashikana mikono, mvua inanyesha, bibi anakata roho. Nililia nikiandika. Mke wangu, Mama Mugendi, alinikuta nikijipangusa macho na risiti.

"Unalia kwa sababu ni nzuri," akauliza, "ama kwa sababu ni yako?"

Mama mwenyewe yuko hai, ana nguvu, na hajaisikia.


Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeanza kuchuma kahawa.

Nikiulizwa siku moja nilijifunza wapi kuandika (hakuna aliyeuliza, lakini jibu ninalo tayari tangu nikiwa na nywele), nitasema mahali pawili. Pa kwanza ni shule ya Kaaga, Meru, ambako nilisoma na Mohamednoor. Baba yake alikuwa na duka Makutano na makreti ya vitabu kuukuu, na Mohamednoor alikuwa akiniazima kwa sharti moja: nikimaliza nimweleze mwisho, kwa sababu yeye hana subira. Pa pili ni kwenye gunia. Mkishachuma, kabla ya kupeleka kiwandani, mnamwaga kahawa juu ya gunia, mnakaa kuzunguka, mnachagua: zilizoiva huku, mbichi na zilizoliwa na wadudu kule. Mikono ina kazi na mdomo hauna. Mama alitusimulia hapo, msimu baada ya msimu. Wasichana waliopotea, milango isiyofunguka, zimwi lenye adabu. Tulikuwa tunaomba kahawa isiishe.

Leo alisimulia habari ya mwanamke aliyeoa upepo. Ndugu yangu Muchangi alicheka mpaka akatia mbichi kwenye nyekundu.


Jumanne, 15 Oktoba

Mvua. Jogoo ameingia jikoni.


Jumamosi, 19 Oktoba

Nitamuua Muchangi. Naandika hapa ili polisi wasihangaike.

Nilifunga duka mapema, nikafika kwa mama, nikakuta watu wote wamezunguka gunia na Muchangi amesimama katikati kama katekista, ameshika hadithi yangu. Nakala yangu, niliyoiweka ndani ya kabati chini ya mashati! Alikuwa akiisoma na kuigeuza kwa Kiembu, sentensi kwa sentensi, na pale alipoona Kiswahili changu kimemshinda alikuwa anatunga yake. Alikuwa ameshafika kitandani. Alimpa bibi wimbo. Sikuandika wimbo mimi! Bibi yangu anakufa kimya, kwa heshima. Bibi wa Muchangi alikufa akiimba beti zote.

"Nani amekupa hiyo?"

"Ndugu, tulia, wanalia."

Kweli walikuwa wanalia. Mama tu ndiye hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake, ambayo sijawahi kuiona ikikosea, ilikuwa inavuta nyekundu na mbichi pamoja. Halafu akainuka, akakung'uta nguo, akanipita kama mlingoti wa stima, akaingia ndani.

"Umeona?" nikamwambia Muchangi. "Umemsomea mtu kifo chake akichagua kahawa!"

"Ni mimi nimemuua? Mimi nimeongeza tu wimbo."


Jumapili, 20 Oktoba

Mama haongei na mimi.


Jumatano, 23 Oktoba

Bado. Akitaka kuniambia kitu anamtuma Mama Mugendi: "Mwambie mwandishi chai iko." Neno hilo nililitamani maisha yangu yote, na sasa linanipiga kama kofi.

Mvua.


Jumapili, 3 Novemba

Mjomba Mutegi amepiga simu. Sijasikia sauti yake ikiwa na furaha namna hiyo tangu walipomfanya mzee wa kanisa.

"Gedion! Nimesikia nimesamehewa!"

"Na nani, mjomba?"

"Na dada yangu! Muchangi amenieleza kila kitu. Kijana, umefanya kazi ya Mungu. Nitakuja mwezi wa kumi na mbili na wazee, tushukuru. Nitaleta kondoo."

Ningesema, mjomba, hiyo ni hadithi, mtu aliyekusamehe amekufa kwenye ukurasa, na yule aliye hai haongei hata na mimi. Nilisema, "Karibu sana, mjomba."

Kwa yule ambaye hakuzaliwa huku: mjomba, kaka wa mama yako, si mtu wa kujibizana naye. Mimi sikupelekwa jandoni mpaka Mutegi alipokubali. Mama Mugendi hakuletwa hapa mpaka Mutegi alipopewa sehemu yake ya nyama na kusema inatosha. Akikunyima baraka, watu wanakuangalia wewe na watoto wako kwa jicho la pembeni, na ng'ombe akiugua wanajua sababu. Mimi nauza dawa za ng'ombe, nina shahada ya mambo hayo, na bado nikimwona mjomba ninatafuta mahali pa kuweka mikono.

Nilipomwambia Mama Mugendi kuhusu kondoo aliweka mwiko chini.

"Na mama yako amekubali?"

"Nitamwambia."

"Kupitia kwa nani? Kupitia kwangu?"

Kupitia kwake. Alirudi na jibu: "Amesema aje."


Jumamosi, 9 Novemba

Meru. Nilikwenda kwa hasira nikarudi na mbili.

Mohamednoor alinipokea dukani kwake Makutano, kitambi mbele, mikono wazi. Samsam alikuwa amekaa nyuma kati ya marobota, hadithi yangu magotini, kalamu nyekundu sikioni. Mtoto huyo nilimbeba akiwa hajaota meno.

"Adeer, keti. Chai iko. Kwanza nikusifu."

"Nisifu polepole, nisikie vizuri."

"Kurasa kumi za mwanzo, huyu mama ana hasira mpaka karatasi ina joto. Halafu kurasa mbili za mwisho, ghafla ni malaika. Sasa mimi nauliza, alikutana na nani hapo katikati?"

"Alizeeka," nikasema. "Watu wakizeeka wanasamehe."

"Wote?"

Mohamednoor akaingilia. "Mimi nilianzia mwisho, kama kawaida yangu. Nikadhani ni tangazo la mazishi. Nikatafuta jina la kamati."

Akacheka peke yake. Nikamwambia anyamaze, mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu kuanzia mbele hana ruhusa ya kuongea juu ya mwisho. Nikamwambia Samsam kwamba nilikuwa nikisoma vitabu ndani ya duka hili hili kabla baba yake hajaota ndevu. Sauti ilipanda. Wateja waligeuka.

Samsam hakupandisha yake. "Adeer, mimi sitaki kukuudhi. Lakini mwisho huu si wa yule mama. Ni wa mtu aliyekuwa na haraka ya kutoka chumbani."

Niliondoka bila kumaliza chai. Kule kwao hilo ni tusi, na nilijua ni tusi, na nilitembea kwenye mvua hadi stendi nikijibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.


Alhamisi, 14 Novemba

Kiwanda kimerudisha kahawa yetu. Mbichi zimejaa. Karani hakuwa na kosa, hata kipofu angeziona. Tunachagua kimya siku hizi, mama hasimulii, na sikujua kwamba masikio ndiyo yalikuwa yanaongoza mikono. Tulirudi na magunia, tukamwaga tena, tukaanza upya kwenye tope. Muchangi alijaribu kuimba. Nilimrushia tunda la kahawa. Lilimpata.


Alhamisi, 21 Novemba

Leo nimemfuata mama shambani. Alikuwa anachuma peke yake kwenye mstari wa chini, kikapu kimefungwa kiunoni. Nikasimama upande wa pili wa mti, nikaanza kuchuma pia, ili asiseme nimekuja mikono mitupu.

"Mami."

Akahamia tawi lingine.

"Mami, ni kwa sababu nimekuua?"

"Kufa nitakufa," akasema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza kwangu mwezi mzima, na ilitoka kavu. "Hiyo hukuivumbua wewe."

"Basi ni nini? Nimekuheshimu. Nimekuandika ukiwa mwema."

"Nani alikuambia nimemsamehe?"

Nikachuma matunda mawili mabichi.

"Nakuuliza, Gedion. Umekaa kwenye gunia langu tangu uote meno. Ulinisikia siku gani nikisema nimemsamehe Mutegi?"

"Hukusema."

"Sikusema. Ulitoa wapi?"

Nikasema kitu kuhusu watu kuzeeka. Hata mimi nilisikia jinsi kilivyokuwa chepesi. Akaacha kuchuma. Akasogeza tawi ili anione vizuri.

"Kitabu changu alikivuta. Nikamwambia baba, baba akasema ni karatasi. Nimelala na kile kitabu miaka hii yote. Kulikuwa na msichana ameingia nyumba ya mtu asiyemjua, mlango ukafungwa nyuma yake, nami sijui kama alitoka. Hizo hadithi mnazocheka hapo kwenye gunia, unafikiri nilizipata wapi? Nilikuwa namtoa. Namtoa kwa dirisha, namtoa kwa upepo, namtoa kwa zimwi. Hakuna hata moja iliyo sawa. Zote ni zangu, hazikuwa zile."

Mimi nilikuwa nimezisikia hizo hadithi zote, nikaziita urithi, nikaziita chemchemi. Niliandika neno hilo mahali fulani, chemchemi, na nikaliona zuri.

"Halafu wewe," akasema, "umemwogopa mjomba wako. Umeona ni rahisi kuniua mimi kuliko kumuudhi yeye."

Akarudisha tawi. Nilimwambia si kweli. Nilisema kwa sauti ambayo haisemwi kwa mama, nikaacha kahawa yangu chini ya mti, nikaenda nyumbani nikagombana na Mama Mugendi kuhusu chumvi.


Ijumaa, 22 Novemba

Ni kweli. Ndiyo maana nimekasirika hivi.


Jumamosi, 30 Novemba

Nimejaribu kuandika mwisho mwingine. Kila nikifika pale mjomba anapaswa kujibu, ninamwandikia kikohozi. Ameshakohoa mara nyingi sana, msomaji atafikiri ni hadithi ya kifua kikuu.

Amepiga simu tena. Anakuja Jumamosi ijayo, yeye na wazee watatu.


Jumamosi, 7 Desemba

Mjomba alikuja. Shughuli ilikwenda. Hakukunyesha. Nimechoka, siandiki.


Jumapili, 8 Desemba

Nje ya kanisa nimeshikwa mkono na watu ambao kwa kawaida hunisalimia kwa nyusi. Kwa mujibu wa Karurumo, jana nilisimama mbele ya wazee, nikamnyooshea mjomba kidole, nikamwita mwizi wa elimu ya wanawake. Wengine wanasema nilimmwagia chai. Bundi amesikia nilimfukuza na rungu, na anauliza kama naweza kumsaidia na jogoo. Mohamednoor amepiga kutoka Meru: "Gedi! Nasikia mjomba ametoka mbio! Samsam anasema huo ndio mwisho!"

Sikumrekebisha hata mmoja. Nilitabasamu kama mtu mnyenyekevu.


Jumanne, 10 Desemba

Sasa ilivyokuwa.

Mjomba alifika na wazee wake, suti ya kijivu, kondoo ndani ya pikapu. Tulikuwa tumepanga viti uani. Mama hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini kwenye gunia lake, na kahawa ya mwisho ya msimu mbele yake, akachagua wakati wa maombi. Mzee mmoja alifungua jicho moja kumwangalia, akalifunga.

Mjomba akasimama. Ni mtu mzuri wa kusimama. Akasema amesikia kupitia kwa mtoto wetu kwamba dada yake amemsamehe mambo ya utotoni, naye anapokea. Akatoa zawadi: Biblia mpya, kurasa zenye ukingo wa dhahabu. "Nilichukua kitabu," akasema, "narudisha kitabu." Wazee wakapiga makofi.

Mama akapangusa mikono, akaipokea, akaiweka magotini.

"Asante. Na kile kingine kilikuwa kinahusu nini?"

"Kingine gani?"

"Changu."

"Igoki, hayo ni ya zamani."

"Si wewe pia ni wa zamani? Ndiyo maana nakuuliza. Niliachia pale msichana amefungiwa mlango. Wewe ndiye ulikuwa na zile kurasa nyingine. Alitoka?"

Mjomba akacheka. Wazee wakacheka, kwa kuwa yeye alicheka. "Mimi sikusoma, dada. Mimi nilivuta."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Muchangi naye alicheka, nilimwona. Mama alikuwa bado anamtazama, akingoja, kama mtu aliyeuliza njia.

Hapa ndipo wanasema nilisimama. Nilikuwa nimesimama tayari, nikiwa nimeshika birika. Nilisema, "Mjomba, mami ameuliza." Hayo tu. Na sauti ilipasuka katikati, kiasi kwamba mzee aliyekuwa karibu alidhani ninamuuliza kama anataka chai, akaninyooshea kikombe. Nikammiminia. Mungu anisamehe, nikamuuliza na sukari. Kisha nikamwongezea mjomba, maana kikombe chake kilikuwa nusu, na mkono wangu unajua kazi hiyo kuliko nyingine yoyote.

Mjomba akanywa. Akafikiri. Alitaka kusaidia, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alikuwa anajaribu kwa roho safi kukumbuka kitu cha kumwambia dada yake.

"Ilikuwa karatasi nzuri," akasema. "Nyembamba. Haikuwasha koo."

Hakuna aliyecheka hapo.

Mama hakupiga kelele. Alimrudishia Biblia, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. "Hii ninayo. Sijakusamehe, Mutegi. Mtoto aliandika uongo." Akainama, akaendelea kuchagua. Mbichi huku, nyekundu kule, bila kosa moja.

Wazee wakatazama saa zao. Kondoo alirudi alivyokuja. Mjomba aliponifikia mlangoni alisema, "Gedion, mimi ni mjomba wako," na hakusema zaidi, na hakuweka mkono kichwani pangu kama anavyofanya kila mara. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilimfungulia mlango wa pikapu. Hakuna rungu, hakuna kidole. Mlango niliufunga polepole, usije ukambana koti.

Nimekasirika tangu siku hiyo na hasira haipungui. Nimekasirika na yeye, na babu yangu aliyesema ni karatasi, na wale wazee na saa zao. Nimekasirika na mkono wangu. Jana na leo nimefungua duka nikaandika humo ndani, wateja wakingoja, na sikumpa mjomba kikohozi hata kimoja. Nilimwandikia maneno yake mwenyewe kama alivyoyatamka. Bibi hafi tena. Anachagua kahawa.

Kabla ya kumtumia Samsam nilikwenda kwa mama. Macho yake hayashiki tena herufi, kwa hiyo nikamsomea mwenyewe, Kiembu kibaya cha mtu aliyezoea vitabu, nikitafuta maneno, nikirudia. Sikuwa nimewahi kumsomea kitu chochote. Alisikiliza ameegemea ukuta. Pale pa karatasi nyembamba alifunga macho, nikasimama, akanifanyia ishara niendelee.

Nilikuwa nimemwandika pia yule mwana mwenye birika. Nikamwambia sehemu hiyo nikitaka naweza kuitoa, haina kazi kubwa, inapunguza hata uzito.

"Yule wa chai?"

"Ndiyo, mami."

"Usimguse," akasema. "Muache hapo hapo, na birika lake."